Msaada Unaokohoa

Mimi sikumwita mtu. Hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu hapa Ipyana kuna watu wanaosimulia mambo yangu kwa ufundi kuliko mimi niliyekuwepo. Wakiyasimulia wanaongeza chumvi, wakimaliza wanacheka mpaka wanafuta machozi. Basi leo nisimulie mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke mbele yangu.

Mimi wananiita Mwalimu Doreen, ila ualimu wangu si wa shule. Ni wa kanisani. Kwa miaka mingi nimeendesha semina ya akina mama pale usharikani, semina ya mama Mkristo na nyumba yake. Nilisimama mbele ya wanawake wenye watoto sita, saba, nikawaeleza namna ya kulea, na mimi mwenyewe sikuwa na hata mmoja. Najua. Wao pia walikuwa wanacheka, ila chini chini, kwa sababu nilikuwa mkali. Niliwaambia mama aliyejipanga na Mungu wake hagongi kwa jirani kuomba chumvi. Niliwaambia mama anayelalamika amechoka hajasali vya kutosha. Siku moja Marta, mama mmoja mpole anayelima kokoa na mumewe, alikuja na mtoto ana makamasi mpaka kidevuni. Nikamsimamisha mbele ya wote nikamtolea mfano. Marta alimfuta mtoto wake akakaa.

Halafu Mungu, naye ana utani wake, akanipa mimba nikiwa nakaribia arobaini.

Lusekelo alizaliwa kwa upasuaji mwezi wa tatu, mvua za Kyela zikimwagika asubuhi na jioni. Daktari akaniambia, mama, usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto, usiiname, usikimbie. Nikamjibu ndiyo daktari. Siku niliyofika nyumbani nikachota maji. Mume wangu Amon anafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani Tunduma, na ruhusa aliyopewa iliisha kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Aliniuliza atamtafuta nani wa kukaa na mimi. Nikamwambia, nenda kazini baba, mimi na Yesu tunatosha.

Kesho yake wanawake wa semina wakaja. Walikuja kwa wimbo, mkungu wa ndizi huyu, ndoo ya mchele yule, kuni kichwani. Nilisimama mlangoni nikaujaza mlango wote.

"Mungu awabariki," nikasema. "Mtoto amelala, mimi sijambo. Siku nyingine."

"Siku nyingine ipi, Mwalimu?" akauliza Marta.

"Nitawatangazia."

Wakatazamana. Wakaweka mizigo yao barazani, wakaondoka bila wimbo. Msinitazame hivyo! Niliwajua mimi. Hawakuja kumwona mtoto tu, walikuja kumwona Mwalimu amejipangaje. Na Mwalimu hakuwa amejipanga hata kidogo. Nilikuwa na gauni moja mwilini tangu Jumapili, maziwa yamekauka juu yake, nywele hazitazamiki, na nilikuwa nalia kila redio ilipotangaza vifo vya watu nisiowajua. Wanawake wale nimewasema miaka yote ile. Waingie waone? Bora ardhi ipasuke.

Jirani yangu Tausi ndiye hakuwa anazuilika mlangoni. Tausi na mumewe Hamza wana duka la vitu mchanganyiko hapo barabarani, na mababu zao walitoka pwani. Yeye si wa semina, ni Mwislamu, kwa hiyo hakuwa ananiogopa. Aliniletea chupa ya uji wa pilipili manga, akasema kwao mzazi hunywa huo ndipo maziwa yanashuka.

"Ahsante, nimeshakunywa," nikamwambia.

"Umekunywa wapi, Doreen? Jikoni kwako hata moshi sijauona."

"Nimekunywa, Tausi."

"Haya," akasema, akaondoka na chupa yake, ananung'unika kwa lugha ya kwao ya kuvuta maneno.

Basi nikaenda kliniki pale zahanati. Nesi akamvalisha Lusekelo kile kibukta cha mizani, akamning'iniza, mshale ukatikisika ukatulia. Akaangalia kadi, akaangalia mshale. Akamshusha akampandisha tena. Mtoto alikuwa amepungua.

"Mama, unalala?" akaniuliza.

"Mungu ananipa nguvu."

"Sijauliza nguvu. Nimeuliza kulala. Unakula? Unakaa chini ukanyonyesha mpaka mtoto akaachia mwenyewe?" Nikamvuta mtoto kifuani. "Nakupa mpaka Alhamisi ijayo. Asipoongezeka nawalaza wodini wote wawili, na mtoto tutamwanzishia maziwa ya kopo. Na huo mshono wako ukifumuka sisi hapa hatuna pa kuushonea."

Niliogopa. Nasema wazi, maishani mwangu sijawahi kuogopa namna ile. Mtoto niliyemwomba miaka yote, nikafunga kwa ajili yake, nikapata, na sasa anaisha mikononi mwangu kama kipande cha sabuni. Nilirudi nyumbani nimemkumbatia, sioni njia.

Nikampigia Amon simu. Sikuomba msaada, nilimpa tu habari za mizani. Nikasikia malori ya Tunduma yakipiga honi.

"Namtuma baba," akasema.

"Baba yupi?"

"Baba yangu. Mama angekuwa hai ningemtuma mama. Dada zangu umeshagombana nao wote. Amebaki baba."

"Amon, una akili kweli wewe? Babamkwe anitunze mimi?"

Akakata simu.

Kwa asiyetujua sisi Wanyakyusa, nieleze. Mke na baba wa mumewe hawakutani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akitokea njiani, mkwe wa kike anachepuka kwenye migomba mpaka mzee apite. Hata jina lake hulitamki, na mimi silitamki mpaka leo, anayelitaka akamuulize Tausi. Siku hizi wengi wamelegeza, wapo wanaopiga picha wamekumbatiana na wakwe zao, lakini si babamkwe wangu. Yeye ni mzee wa kanisa kule Mwaya, anashika injili kwa mkono mmoja na heshima kwa mkono wa pili, na hakuna anachokiachia. Siku ya harusi yetu alinipa baraka zote za baba akiutazama mwarobaini.

Sasa uone balaa lenyewe. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningemfukuza mlangoni, kazi hiyo naiweza. Lakini mtu ambaye huruhusiwi kumtazama wala kusema naye, utamfukuzaje?

Alifika na kikapu cha samaki aina ya mbasa kutoka Matema, na mbuzi jike aliyemfunga barazani. Nilijua amefika kwa sababu alikohoa kwenye kona ya nyumba. Khoo! Kikohozi hicho si ugonjwa. Maana yake: napita, mama, jifiche. Nikambeba Lusekelo, mbio mpaka chumbani.

Mzee akataka ndoo iliyokuwa sebuleni. Khoo! Nikatoka chumbani kwa mlango wa nyuma. Akataka kutupa maji machafu nyuma. Khoo! Nikazunguka nyumba. Akataka kukata kuni mbele. Khoo! Mimi migombani, nimechutama na mtoto, mshono unanipigia kelele. Jamani, mzee mwenye adabu hukohoa kila anapogeuka, na yule alikuwa na adabu nyingi mno. Kabla hajaja nilikuwa nafanya kazi zote za nyumba. Alipokuja kazi zote akafanya yeye, na mimi nikabaki na kazi moja ya kukimbia, ile ile niliyokatazwa na daktari.

Naye hakujua! Alikuwa ananisikia tu. Jioni nikamsikia anaongea na Amon kwenye simu, kwa sauti ya kumfikia mtu Tunduma bila hiyo simu.

"Mkeo mzima kabisa! Nani kasema anaumwa? Huyu anakimbia, Amon! Nasikia vishindo tangu asubuhi, sasa huku, sasa kule. Sijapata kuona mzazi mwepesi hivi!"

Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Nikasema, Bwana, kama huu ndio msaada wako, tuachie tu shida yetu.

Siku iliyofuata Tausi akaja uani kwangu kumtafuta kuku wake mweupe aliyezoea kutagia kwangu. Akainama akachungulia ndani ya banda la kuku. Akanikuta mimi na mtoto.

"Doreen?"

"Shhh!"

"Unafanya nini humo?"

"Babamkwe anaanika mpunga."

"Na wewe unataga?"

Nikataka kumjibu vibaya, mdomo ukafunguka, kikatoka kilio. Tausi akaacha mzaha. Akamchukua Lusekelo akamwangalia vile viguu vyake vilivyokunjamana, akaniuliza mizani ni lini. Nikamwambia Alhamisi. Akaniuliza hawa watu wanajua kwamba wananiua, au hawajui. Nikamwambia ni heshima.

"Sisi kwetu mkwe ni baba. Unampelekea chai, unambusu mkono, yamekwisha."

"Nyie kwenu, sisi kwetu."

"Sawa, kwenu. Lakini heshima gani inamtia mzazi kwenye mavi ya kuku?" Akaenda moja kwa moja hadi kwa mzee, mimi nikisikiliza toka bandani. "Shikamoo babu. Huyo mkweo unayemsikia anakimbia, amepasuliwa tumbo. Anakimbia kwa ajili yako. Kila ukikohoa unamfumua."

Kisha nikasikia mzee amekaa kwenye kinu, akasema, "Kyala wangu." Hiyo ni Mungu wangu. Na baadaye kidogo akasema, "Mimi nilidhani ni afya."

Tausi akaleta shuka lake la kitandani, la maua mekundu, akalitundika kwa kamba katikati ya sebule kutoka ukuta hadi ukuta. Akagawa nyumba kwa kidole: upande huu chumba na kochi, wa mzazi. Upande ule jiko, uani na maji, wa babu. Asivuke mtu. Anayetaka kukohoa akohoe kwa mafua.

Basi tukaanza kuishi hivyo. Ikabaki shida ya kuongea, kwa sababu mzee asingeweza kunisemesha hata nyuma ya shuka. Dawa aliipata mwenyewe. Mbuzi wake alikuwa barazani, karibu na dirisha.

"Wewe mbuzi," nikamsikia. "Mwambie mama Lusekelo kwamba uji uko kwenye stuli, hapo shuka linapoishia."

Nikafikiri kidogo. Na mimi nikamwelekea mbuzi.

"Mbuzi, mwambie mzee ndaga fijo, ahsante sana. Lakini chakula cha mchana nitapika mwenyewe."

"Mbuzi, mwambie mama kwamba sufuria zote ninazo mimi."

Alipika mbalaga, ndizi zilizochanganywa na yule mbasa, akatia chumvi kwa mkono wa mtu anayelisha ng'ombe. Nilikula sahani nzima nikaramba. Nilikuwa sijala chakula cha moto sijui tangu lini. Nikanyonyesha nikiwa nimekaa, miguu nimenyoosha, mtoto akanyonya mpaka akaachia mwenyewe akiwa amelewa usingizi. Nikasinzia hapo hapo. Nilipoamka nikachungulia dirishani, nikaona nepi.

Alikuwa amefua nepi zote za mtoto, mzee wa kanisa mwenye mvi, na sasa anazianika kwenye kamba ya mbele inayotazama barabara. Anaikung'uta moja moja, paa! paa! Watu wanapita na baiskeli za mpunga shingo zimegeuka nyuma. Mmoja aliingia mtaroni na gunia lake.

"Mbuzi!" nikapiga kelele. "Mwambie mzee aache! Watu wanamwona! Watasema nini, mzee wa kanisa anafua kinyesi cha mtoto, na mimi nipo ndani nimelala!"

Mzee akainama. Akakamua nepi nyingine, maji yakachuruzika. Kisha akasema polepole:

"Mbuzi, mwambie mama hivi. Bwana Yesu aliposhindwa kwenda na msalaba, alibebewa. Hakusema niacheni, nitabeba mwenyewe, watu watanionaje. Na aliyembebea hakuwa kuhani. Alikuwa mtu anatoka zake shamba. Basi na mimi nimetoka shamba."

Paa! Akaanika.

Mimi habari hiyo naifundisha kila Ijumaa Kuu. Naijua na majina ya watu. Ila siku zote nilijiweka upande wa wanaobeba, sijawahi kufikiri kuna mtu alibebewa, tena Mwenyewe. Nilirudi kitandani nikalala bila kumwambia mbuzi kitu.

Siku zilizofuata nilikula na kulala. Lakini kuna kitu kimoja sikukitoa. Kumbeba mtoto. Mzee alikuwa hajamwona mjukuu wake hata mara moja, alikuwa anamsikia tu akilia. Ningeweza kumlaza kwenye kochi nikaingia chumbani, naye akaja akamchukua, heshima isingevunjika. Sikumlaza. Kufua afue, kupika apike, mtoto namshika mimi. Kama na hilo nalo litafanywa na mwingine, mimi mama wa nini? Ndivyo nilivyokuwa nawaza.

Siku moja akauliza, sauti imeshuka. "Mbuzi, huyo mtoto anafanana na nani?"

"Mbuzi, mwambie anafanana na Amon. Ila masikio ni ya mzee."

Akacheka peke yake uani. Halafu akaacha kucheka ghafla, nikajua anajiuliza masikio yake nimeyaona wapi. Nilichungulia, ndiyo. Mnipeleke barazani kwa wazee basi!

Alhamisi ikafika, na mvua ikafika nayo. Pikipiki zote ziligoma, tukaenda kwa mguu. Mzee mbele, mgongo umenigeukia, mfuko wa nepi begani, anapima njia kwa fimbo. Mimi nyuma kwa mbali na mwavuli, Lusekelo kifuani. Pale karibu na zahanati tukakuta maji yamekata barabara. Kijito kimepanda, kinapita juu ya njia kwa nguvu, rangi ya chai ya maziwa, chini matope ya kuteleza.

Mzee akaingia, maji yakamfika magotini. Mimi nikatia mguu mmoja, ukateleza. Mshono ukanichoma mpaka nikaona nyota. Nikarudi nyuma nikasimama. Nikivuka, nitaanguka na mtoto. Nisipovuka, siku aliyonipa nesi inapita na mtoto hajapimwa, na kupungua kwake sijui kumefika wapi. Nilisimama pale, mvua inanipiga.

Mzee katikati ya maji akasikia sifuati. Akasimama. Hakugeuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, nikaelewa anatafuta nini. Hakukuwa na mbuzi. Kulikuwa na chura mmoja kwenye jiwe.

"Wewe chura," akaanza. "Mwambie mama..."

Chura akaruka majini akaenda zake.

Tukabaki wawili. Ndipo yule mzee akaanza kunirudia kinyumenyume. Nawaambia kweli, kinyumenyume, ndani ya maji yale, mikono ameinyoosha nyuma ya mgongo wake, viganja vimefunguka, nimwekee mtoto humo bila yeye kuniona. Akayumba. Fimbo ikaenda na maji. Akayumba tena.

"Baba, geuka!" nikapayuka. "Utaanguka! Geuka huku!"

Akaganda. Akageuka taratibu. Macho ameyafumba.

"Na macho ufungue! Mtoto hashikwi macho yamefungwa! Utamwangusha mjukuu wako wewe!"

Maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia babamkwe wangu ni hayo. Nilimfokea kama mtu wa semina. Na yeye akatii. Akafungua macho, hakunitazama mimi, akamtazama mtoto. Mikono yangu ilikuwa haitaki kuachia, ikabidi niilazimishe. Nikampa. Akamweka kifuani ndani ya koti, akamtazama tena, mvua au machozi sijui yakawa yanamtiririka kwenye ndevu.

"Ndaga, Kyala," akasema. Kisha, akitazama pembeni, akanisemesha mimi, si mbuzi wala chura. "Mama, shika koti langu."

Nikashika koti. Tukavuka.

Zahanati ilikuwa imejaa, na nani wamejaa? Wanawake wa semina yangu, kila mmoja na wake mgongoni, Marta mbele kabisa. Wakaona mzee wa kanisa anaingia amelowa na kichanga kifuani, na nyuma yake Mwalimu Doreen, matope mpaka kiunoni, ameng'ang'ania koti la babamkwe.

Nesi akamning'iniza Lusekelo. Mshale ukatikisika. Niliomba bila maneno. Mshale ukapita pale ulipokuwa juma lililopita, ukapita na pale alipozaliwa, ukatulia mbele.

"Ameongezeka!" akasema nesi. "Tena vizuri. Mama, ulifanya nini?"

"Nililala," nikasema.

Zahanati nzima ikaangua kicheko. Mimi nikakaa sakafuni nikalia. Nesi akautazama mshono, akakasirika, akasema haujafumuka lakini umechokozwa, na nyumbani sirudi kwa miguu wala sibebi hata kijiko. Nikainua uso. Wanawake wote walikuwa wananitazama, wamesimama wanangoja. Nao nilishawafukuza mlangoni kwangu. Wangeweza kunitangazia siku nyingine, na wangekuwa na haki yao.

"Nisaidieni," nikasema.

Marta akaweka mkono sikioni. "Sema tena, Mwalimu. Huku nyuma hawajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti ile ile niliyokuwa nawasemea wao. "Nisaidieni!"

Sijui machela waliipata wapi. Wanne walinibeba kuvuka maji, wakigombana nani ameinua juu na nani ameshusha. Nyumbani waliingia wote, mpaka chumbani, penye rundo la nguo, vikombe vyenye ukungu chini ya kitanda, na lile gauni langu. Marta alisimama katikati, mikono kiunoni, akazungusha macho kila pembe. Nikafumba macho nikangoja anitolee mfano.

"Jamani," akawaambia wenzake, "Mwalimu naye ni mchafu kama sisi."

Wakapiga vigelegele, tena vya harusi. Wakaanza kuosha na kufagia, wakinisema wazi wazi bila hata kushusha sauti, na upande wa pili wa shuka mzee akamuuliza mbuzi wageni ni wangapi apime mchele. Mimi nikajifunika nikalala. Mtoto alikuwa kwa nani, sikuuliza.